Je, Wajua? Batman Aliyezeeshwa na Wasomaji Waliogawanyika

Mwaka 1986 kampuni ya DC ya New York ilitoa hadithi ya Batman katika matoleo manne tu. Leo tunaijua kwa jina la The Dark Knight Returns. Aliyeiandika na kuichora ni Frank Miller, wino ukatiwa na Klaus Janson, rangi zikapakwa na Lynn Varley. Karibu miaka 40 imepita na wasomaji bado hawajapatana. Wapo wanaoapa kwamba hakuna kitabu cha katuni za mashujaa kilichowahi kukifikia hiki, na wapo wanaosema ndicho kilichowatia mashujaa wote giza na hasira. Keti tusimuliane maajabu ya kitabu hiki, ya ndugu zake, na ya ugomvi wake.

Batman alifikishwa miaka 55 ili asiwe mdogo kuliko mwandishi wake

Miller alizaliwa Januari 1957, kwa hiyo alipokuwa akiiandaa hadithi hii alikuwa anaikaribia miaka 30. Amewahi kusimulia kwamba kichwani mwake Batman alikuwa na miaka 29 daima, na yeye hakuwa tayari kabisa kumpita kwa umri shujaa wake wa utotoni. Dawa ikawa kumzeesha! Ndiyo maana tunamkuta Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, akiwa na miaka 55, mvi kichwani, mwili unauma, na vazi lake la usiku limekaa kabatini miaka kumi.

Sasa piga hesabu hii. Batman alitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la 27 la Detective Comics, Mei 1939. Mtoto wa miaka 8 aliyelinunua toleo hilo alikuwa na miaka 55 hasa mwaka 1986. Kwa miaka 47 msomaji yule alikua, akaoa, akazeeka, huku Batman akibaki kijana. Halafu ghafla wakalingana umri. Sijui shujaa mwingine wa katuni aliyewahi kuwakuta wasomaji wake pale walipofika kwa namna hiyo.

Bei yake ilikuwa karibu mara nne ya katuni ya kawaida

Katuni ya kawaida ya DC iliuzwa senti 75 za dola. Toleo la hadithi hii liliuzwa dola 2.95, likiwa na karatasi nzuri na mgongo bapa kama wa kitabu. Likanunuliwa hata hivyo, na toleo la kwanza likarudi mtamboni kuchapishwa tena. Wachapishaji wakagundua kwamba kuna watu wazima, wenye mishahara, waliokuwa wakisubiri kuandikiwa.

Ilivunja kanuni zilizokuwepo tangu 1954, bila kuomba ruhusa kwa yeyote

Mwaka huo daktari wa akili Fredric Wertham alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinawapotosha watoto, na kamati ya Seneti ya Marekani ikaitisha vikao kulichunguza jambo hilo. Wachapishaji wakaogopa, wakajitungia kanuni. Mbili kati yake zinashangaza ukizisoma leo: wema lazima uushinde uovu kila mara, na polisi, majaji na viongozi wa serikali wasichorwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Kazi iliyokubalika iligongwa muhuri mdogo kwenye jalada.

Hadithi ya Miller haikuwa na muhuri huo. Ndani yake meya ni mwoga, polisi wanamwinda Batman, na rais anayefanana kabisa na Ronald Reagan anatabasamu huku makombora ya nyuklia yakikaribia. Iliwezekana kwa sababu ya maduka maalumu ya katuni yaliyoanza kuenea Marekani katika miaka ya 1970. Muuza magazeti wa mtaani aliujali muhuri. Mwenye duka la katuni hakuhitaji kuuona. Kanuni zenyewe zilikata roho mwaka 2011, DC na Archie, waliobaki nazo mwisho, walipoziacha.

Wengi walikuwa wanamjua Batman wa kuchekesha

Kati ya Januari 1966 na Machi 1968 televisheni ya Marekani ilirusha vipindi 120 vya Batman, Adam West akiwa ndani ya vazi la kijivu na maneno ya milio ya ngumi yakijaa kwenye kioo. Waandishi wa katuni walianza kumrudisha gizani mapema katika miaka ya 1970, hasa Dennis O'Neil na mchoraji Neal Adams, lakini habari hizo zilibaki kwa wasomaji wa kila mwezi. Mwananchi wa kawaida aliyefungua kitabu cha Miller alitarajia kucheka. Alichokutana nacho ni mzee mwenye ghadhabu anayevunja mifupa ya watu kwenye mvua.

Ubishi wa wasomaji ulichorwa ndani ya kitabu kabla wasomaji hawajabisha

Hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Kurasa za hadithi zimejaa vioo vidogo vya televisheni, safu kwa safu, na ndani yake watu wanabishana kuhusu Batman. Lana Lang, mhariri katika gazeti la Daily Planet, anamtetea kwa nguvu zote: anasema amewarudishia raia ujasiri. Daktari wa akili, Bartholomew Wolper, anashikilia kwamba Batman mwenyewe ndiye anayewazalisha wahalifu, na kwamba Joker, adui mkubwa wa Batman, ni mgonjwa tu wa kuonewa huruma. Watu wa mitaani wanaulizwa maoni. Mmoja anashangilia, mwingine analaani, wa tatu anajikanyaga katika sentensi moja.

Wakosoaji walipoanza kuandika kwamba huyu Batman ni fashisti, anayejichukulia sheria mkononi na kuwaongoza vijana kama jeshi, walikuwa wanarudia hoja ambayo Miller ameshaiweka kinywani mwa watangazaji wake. Na waliomtetea nao walirudia ya Lana Lang! Wolper, kwa bahati mbaya yake, anauawa na huyohuyo Joker aliyekuwa akimtetea, mbele ya kamera, jambo linaloonyesha Miller aliegemea wapi. Lakini hata akiegemea, hajafunga mlango. Gordon, mkuu wa polisi rafiki wa Batman, anastaafu akiwa na miaka 70, na anayemrithi, Ellen Yindel, anaanza kazi kwa kutoa hati ya kumkamata Batman. Si mtu mbaya wala mjinga. Anasimamia sheria, na ukisoma kwa utulivu utajikuta unakubaliana naye kurasa nzima.

Usisahau pia mazingira. Desemba 1984 abiria mmoja katika treni ya chini ya ardhi ya New York aliwapiga risasi vijana wanne, na jiji zima likagawanyika: kuna waliomwita mkombozi na kuna waliomwita muuaji. Miller aliishi katika hewa hiyo.

Kisanduku kimoja cha mchoro kimewagombanisha watu tangu 1986

Batman hatumii bunduki. Ndiyo sheria yake mashuhuri, kwa kuwa wazazi wake walikufa kwa risasi. Lakini katika toleo la pili kuna mhuni wa genge la Mutants aliyemkamata mtoto mdogo na kutishia kumuua, na Batman ameishika bunduki kubwa. Risasi inalia. Ukuta unaonekana ukiwa na damu. Je, amekufa yule mhuni au amejeruhiwa tu?

Wanaosema hakuua wana ushahidi: polisi wanapomtafuta, mashtaka ya mauaji hayapo hadi Joker atakapokutwa amekufa, na Joker mwenyewe amejimalizia kwa kuikunja shingo yake ili lawama imwangukie adui yake. Wana ushahidi mwingine pia, kwamba katika toleo la nne Batman anaivunja bunduki mbele ya vijana wake na kuwaambia kwamba ni silaha ya adui. Wanaosema aliua wanakuonyesha damu. Nimesoma pande zote mbili, na kwangu mimi mchoro ule uliachwa hivyo kwa makusudi.

Lulu zinazodondoka katika filamu zako zilitoka hapa

Kifo cha wazazi wa Bruce Wayne kilisimuliwa mara ya kwanza mwaka 1939. Lakini mkufu wa mama unaokatika, lulu zikitawanyika polepole hewani, ni picha ambayo Miller ndiye aliyeifanya mashuhuri. Aliugawa ukurasa wake katika visanduku hadi 16, vinne kwa vinne, kisha akautumia ukurasa mzima kuonyesha kitendo cha sekunde chache bila maneno. Watengenezaji wa filamu wameinakili mara kwa mara, ikiwemo Batman v Superman ya mwaka 2016.

Robin akawa msichana wa miaka 13

Carrie Kelley hakuteuliwa na mtu. Alinunua vazi la Robin, msaidizi wa Batman, kwa pesa zake, akapanda juu ya maghorofa, akaenda kumtafuta Batman. Na alipompata, akamwokoa. Wasomaji wengi, hata wale wasiokipenda kitabu kizima, wanampenda Carrie, na naona wana haki: ni yeye pekee anayeonekana kuufurahia ushujaa. Manung'uniko yalielekea kwa wanawake wengine wa hadithi. Selina Kyle, ambaye ni Catwoman, hapa ni mama aliyechoka anayeendesha biashara ya kuwakodisha wasichana kwa matajiri, na Joker anamdhalilisha bila sababu ya maana. Lawama hiyo haijapata jibu zuri mpaka leo.

Ndani ya Batman kuna jina linalotufikisha Rufiji

Vita ya Marekani na Warusi katika hadithi hii inapiganiwa kwenye kisiwa cha Amerika Kusini kiitwacho Corto Maltese. Usikitafute kwenye ramani. Miller aliazima jina la baharia wa kubuni aliyechorwa na Mwitaliano Hugo Pratt, mmoja wa wachoraji aliowaheshimu.

Na hapa mambo yanakuwa matamu kwetu. Pratt alipelekwa Ethiopia akiwa mtoto wa takriban miaka kumi, wakati Waitaliano wameitawala nchi hiyo, na Afrika ya Mashariki haikumtoka. Katika miaka ya 1970 alitunga mfululizo wa visa vya Corto Maltese vinavyopita upande huu wa dunia, na kimoja kati yake, kisa cha watu-chui, kinatokea Rufiji, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakiwa bado Tanganyika. Kwa hiyo Superman anapolizuia kombora karibu na Corto Maltese, anapita chini ya jina la baharia aliyewahi kutembea kwenye kingo za mto wetu. Jina hilo lilisafiri tena: katika filamu ya Batman ya 1989, mpigapicha Vicki Vale anasifiwa kwa picha alizopiga Corto Maltese.

Superman amegeuzwa mtumishi wa serikali

Mashujaa wengine wamestaafishwa au wamefukuzwa. Superman amekubali kufanya kazi kimyakimya kwa rais. Mwishoni anatumwa kumkamata rafiki yake wa zamani, nao wanapigana kwenye kichochoro kilekile walikouawa wazazi wa Batman. Green Arrow, aliyebaki na mkono mmoja, anaachia mshale wenye kriptonaiti, madini yanayomdhoofisha Superman. Wapenzi wa Superman hawajamsamehe Miller kwa jambo hili. Nawaelewa, kwa sababu mtu aliyetoka sayari ya Krypton akiwa mtoto mchanga na kulelewa na wakulima alistahili zaidi ya kuchorwa kama mjumbe mtiifu.

Gazeti kubwa la New York lilimpa kitabu mwandishi wa riwaya, naye hakufurahi

Mei 1987 New York Times ilichapisha tathmini ya Mordecai Richler, mwanariwaya wa Kanada. Aliona hadithi imesokotana mno na ni ngumu kufuatilia. Ajabu yenyewe iko kwenye kuchapishwa kwake: gazeti la hadhi ile kutenga nafasi kwa ajili ya katuni ya Batman, kisha kulalamika kwamba ni ngumu! Na kitabu cha Miller hakikuwa peke yake: mwaka uleule wa 1986 ndipo zilipoanza kutoka Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons na juzuu ya kwanza ya Maus ya Art Spiegelman, ambayo mwaka 1992 ilipata tuzo maalumu ya Pulitzer.

Mwandishi wa kitabu maarufu cha Joker hakipendi kitabu chake

The Killing Joke ilitoka 1988, Alan Moore akiandika na Brian Bolland akichora. Joker anampiga risasi Barbara Gordon, aliyekuwa Batgirl, naye anapooza miguu. Kitabu kikashinda tuzo ya katuni ya Eisner, na bado Moore amesema mara kadhaa kwamba alikwenda mbali mno. Wasomaji wengi walikasirika kuona msichana shujaa ameumizwa ili tu baba yake ahuzunike. Mmoja wa waliochukua hatua ni Kim Yale, ambaye pamoja na John Ostrander walimrudisha Barbara kwa jina la Oracle: yuko kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya kompyuta, anajua mambo kuliko mashujaa wote. Hasira ya wasomaji ikazaa mmoja wa wahusika wapendwa zaidi wa DC. Na haikupoa hapo. Mwaka 2015 jalada moja lililokumbusha tukio lile liliondolewa kabla ya kuchapishwa, kwa ombi la mchoraji wake mwenyewe.

Barua zipatazo 50,000 zilitumwa kumpinga mwigizaji mmoja

Baada ya Miller, wapenzi wa katuni walitaka Batman wa giza na si mwingine. Kampuni ya filamu ya Warner ilipomtangaza Michael Keaton, aliyefahamika kwa filamu za kuchekesha, kuwa Batman wake, walidhani vichekesho vya 1966 vinarudi, wakaandika barua. Filamu ilipotoka 1989 iliingiza zaidi ya dola milioni 400. Baadhi ya waliozituma barua zile leo wanamtaja Keaton kuwa Batman wao bora.

Miller alirudi, na safari hii hata mashabiki wake waligawanyika

The Dark Knight Strikes Again ilianza kutoka mwishoni mwa 2001. Rangi zilitengenezwa kwa kompyuta na zinang'aa kupita kiasi, miili imechorwa mikubwa na iliyopinda. Katikati ya kazi hiyo New York ikashambuliwa, Septemba 2001. Wengi waliona amepoteza mkono wake. Kwangu ni kitabu kisicho na mpango mzuri, chenye kurasa chache za ajabu. Lakini pesa ina maoni yake kuhusu kazi ya kwanza: mwaka 2022 mchoro halisi wa jalada la toleo la kwanza la 1986, ule wa kivuli cha Batman mbele ya radi, uliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.4.

Robin aliuawa kwa simu, kwa tofauti ya kura 72

Robin wa pili, Jason Todd, alifanyiwa marekebisho mwaka 1987: akawa mtoto wa mitaani aliyekutwa akiiba magurudumu ya gari la Batman. Alikuwa mkali na mbishi, na wasomaji wengi hawakumpenda. Dennis O'Neil, ambaye sasa alikuwa mhariri wa Batman, akaamua kuwaachia wao wenyewe uamuzi. Mwandishi Jim Starlin alimpeleka Jason Ethiopia kumtafuta mama yake, aliyefanya kazi ya misaada huko. Joker akamkuta, akampiga kwa mtaimbo, akaacha bomu likiwa limetegwa. Toleo likaishia hapo, na nyuma yake namba mbili za simu: moja ya kumwokoa, nyingine ya kumuua. Kila simu ililipiwa senti 50, na laini zilikuwa wazi kwa saa 36, tarehe 15 na 16 Septemba 1988.

Simu 10,614 zilipigwa. Waliotaka aishi: 5,271. Waliotaka afe: 5,343. Hao 72 waliozidi wanaenea ndani ya basi moja la mkoani, pamoja na waliosimama. O'Neil alisimulia baadaye uvumi aliousikia, kwamba mtu mmoja aliiwekea kompyuta yake programu ya kupiga namba ya kifo mfululizo. Kama ni kweli, kijana yule aliuawa na mashine.

Watu wasiosoma katuni walighadhibika mno, maana wengi walidhani aliyekufa ni Robin waliyemjua kwenye televisheni. Na wasomaji makini wakakumbuka jambo la kusisimua: miaka miwili kabla ya kura hiyo, Miller alikuwa amekwisha kumtaja Jason katika The Dark Knight Returns kama marehemu, huku vazi lake likihifadhiwa pangoni.

Waliopoteza kura waliuziwa ushindi wao miaka 35 baadaye

Kwa kuwa hakuna aliyejua matokeo, mchoraji Jim Aparo alichora miisho yote miwili. Kurasa za Jason aliyenusurika zikawekwa kando. Mwaka 2005 Jason alirudishwa hai kwa njia nyingine, sasa akiitwa Red Hood, na Desemba 2023 DC ikachapisha toleo la 428 upya likiwa na mwisho ule mwingine, ambamo Batman anamkuta Robin anapumua.